Nimnunulie kadi za kazi yake ya mtandaoni, au nimkatalie?

Mwalimu, assalaam alaykum,

Nina saiba, duka la intaneti, hapa Langoni, Lamu. Mambo yangu mengi ni huduma za serikali za eCitizen, kodi za KRA, kuchapisha, kutoa kopi, na kaunta ya M-Pesa. Kwa kuwa nina kadi ya benki inayokubali manunuzi ya mtandaoni, vijana huja niwanunulie kadi za zawadi, za Apple, za Google Play, za Steam. Mimi hulipa kwa kadi yangu, namba zake zikaingia kwenye barua pepe yangu, nikamchapishia mteja. Yeye hunilipa kwa M-Pesa na kuniongezea shilingi 300 za usumbufu. Zamani wote walikuwa wavulana wa michezo ya simu. Sikuwa nikimuuliza mtu kadi yake anaipeleka wapi, na sikuona haja.

Sasa kuna binti wa jirani. Marehemu babake nilisoma naye chuoni tukiwa wadogo, na huyu mtoto nimemwona akizaliwa. Mimi ananiita Ami. Amesomea mambo ya hoteli Mombasa hadi diploma, akarudi, akapata kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni Shela. Ilipofika Mei nyumba ikafungwa kama kawaida ya msimu, wafanyakazi wakaambiwa watapigiwa simu wageni wakirudi. Wageni wamerudi, simu haijalia.

Mwezi uliopita aliingia saiba anacheka peke yake. Amepata kazi. Kampuni ya Canada, yeye ni msaidizi wa ununuzi, anafanyia nyumbani kwa simu, shilingi 70,000 kwa mwezi. Mkataba alinionyesha, una nembo, una muhuri, una sahihi mbili. Usaili ulikuwa wa kuandikiana Telegram; hajamwona mtu wala kusikia sauti yake. Kazi yenyewe ni kununua kadi za zawadi ambazo kampuni eti huwapa wateja wake wazuri, kisha kumtumia meneja picha ya namba. Ya kwanza ilikuwa ya majaribio, dola 50, anunue kwa pesa zake na atarudishiwa pamoja na mshahara. Nilimnunulia. Ni kama shilingi 6,500, alizikopa kwa mamake.

Roho haikutulia. Lakini siku chache baadaye alitumiwa shilingi 15,000 kwa M-Pesa. Si meseji ya kughushi, Mwalimu. Pesa nimeziona kwenye salio lake na ndizo alizonilipa mimi. Jina la aliyetuma lilikuwa la mwanamke, si la kampuni. Meneja alimwambia anunue kadi ya dola 100, na kitakachobaki ni posho yake. Nilinunua tena, nikijiambia kwamba mwizi huchukua pesa, haleti.

Juzi amekuja na jipya. Amepandishwa cheo, anaajiriwa moja kwa moja, na ataletewa laptopu ya kazi kwa ndege hadi Manda. Ya kulipia laptopu na bima yake ni kadi za Apple za dola 300, karibu shilingi 39,000, na safari hii zitoke mfukoni mwake. Ana hadi Ijumaa, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mamake amekubali kuuza bangili yake ya dhahabu. Nilipojaribu kumwambia polepole kwamba habari hii siipendi, alinigeuka: “Ami, wewe hutaki mtu wa mtaa huu atoke.” Akasema nisipomnunulia atamwambia binamu yake wa Mombasa azitafute huko. Na akaniomba nisimtie mamake wasiwasi, maana meneja amesema mambo ya kampuni ni siri.

Jioni hiyo hiyo mamake akaja kivyake. Akaketi, akaniuliza, “Shemeji, kazi hii ni ya kweli?” Nikamwambia nitaangalia.

Hawa ni wezi, au mimi nimezidi dhana mbaya? Nikikataa naye akaenda kwa binamu, nitakuwa nimepata nini ila kuvunja ujirani? Mamake nimwambie? Na zile shilingi 300 zangu zimenikwama kooni, kwa sababu tangu hapo wamekuja vijana wengine wawili kutaka kadi, na hadithi zao zinafanana na hii.

Mwenye saiba, Langoni


Wa alaykum salaam mdogo wangu,

Ni wezi. Natanguliza hilo kwa sababu Ijumaa iko karibu na huenda binti akaingia mlangoni kabla hujafika mwisho wa barua hii. Usimnunulie. Huna haja ya kuusoma mkataba mara ya pili wala kuukagua muhuri. Muhuri kama huo wewe mwenyewe ungeutengeneza kwa kompyuta yako kabla chai haijapoa. Mwajiri anayetaka umlipe, au umlipie kitu chochote, kwa namba za kadi ya zawadi, si mwajiri. Hapo hakuna “lakini kampuni hii ni tofauti”.

Kadi ya Apple ni ya kununulia vitu vya Apple, na Apple wenyewe wameonya kwa maandishi kwamba anayekutaka ulipie nayo kitu kingine anakutapeli. Ya Steam ni ya michezo ya kompyuta. Ya Google Play ni ya programu na michezo ya simu. Kampuni inayotaka kumpa mfanyakazi laptopu huinunua yenyewe, kwa akaunti yake, ikapata risiti yake kwa ajili ya kodi. Haimpitishi msichana wa Langoni kwa sonara akauze bangili, kisha kwa saiba, kisha Telegram.

Wanaipenda kadi kwa sababu haina kile ambacho M-Pesa inacho. Ukimtumia mtu M-Pesa pana jina, pana laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho, pana saa na dakika, na ukikosea ukawahi unaweza kuipeleka meseji ile kwenye 456 kuomba pesa zirudishwe. Namba ya kadi haina jina la mtu. Anayeisoma kwanza ndiye mwenye mali. Ikishatumwa, aliye upande wa pili, awe Nairobi au ng’ambo, huiingiza kwenye akaunti yake au huiuza mtandaoni kwa bei ya chini, na mara nyingi hilo huchukua dakika tu. Huko Marekani, ambako kadi hizi zimetundikwa hadi kwenye maduka ya dawa, tume ya serikali inayolinda wanunuzi, FTC, ilipokea malalamiko ya zaidi ya dola milioni 200 zilizopotea kwa njia hii katika mwaka 2023 peke yake. Hao ni waliojitokeza kusema. Wengine huona haya.

Sasa nije kwenye zile 15,000, maana ndizo zilizokufumba macho wewe na yeye, na mimi zinanitia hofu kuliko hiyo bangili.

Umesema mwizi haleti pesa. Kweli, na huyu hakuleta pesa zake. Watu wa Lamu hamhitaji kuelezwa kwamba chambo chenyewe mara nyingi ni samaki aliyevuliwa mapema. Yule mwanamke uliyeliona jina lake si mhasibu wa kampuni ya Canada. Yumkini ni mtu kama jirani yako, yuko mahali fulani, naye ameambiwa alipe ada ya kazi, au amana ya nyumba, au mzigo uliozuiliwa forodhani, akapewa namba ya simu ya binti huyu kuwa ndiyo namba ya ofisi. Alituma. Binti akazigeuza pesa zile kuwa kadi, kadi ikawa namba, namba ikaenda. Mwizi amepata pesa zisizo na jina, na jina pekee lililobaki kwenye meseji ya M-Pesa ni la mtoto wa marehemu rafiki yako.

Mwanamke yule akienda kituo cha polisi, wataanza na laini iliyopokea. Laini ina kitambulisho. Taarifa ya M-Pesa ya laini hiyo inaonyesha aliyelipwa baada yake, na huyo ni wewe. Kutoka kwako wanaenda kwenye kadi yako ya benki. Meneja wa Telegram hayumo popote katika karatasi hizo. Kenya ina sheria ya mwaka 2009 kuhusu mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha, na sheria hiyo haimwangalii tu aliyejua. Inamwangalia pia aliyestahili kujua. Hadi juzi yeye angeweza kusema hakujua, nawe vilevile. Mkishaisoma barua hii, maneno hayo yatapungua uzito.

Kwa hiyo, pesa nyingine ikiingia kwenye simu yake asiinunulie kadi, asiitoe, wala asiirudishe kwa namba atakayopewa na meneja. Iache ilale pale pale, na taarifa itolewe Safaricom na polisi. Hilo la kurudisha wengi hulikosea kwa nia njema: mwizi hupiga simu akajifanya ndiye aliyetuma kimakosa, ukamrudishia kwenye laini nyingine, na yule aliyetuma kweli akabaki anakudai wewe.

Kabla hamjazozana na huyo meneja, na kabla hajahisi lolote, mazungumzo yote ya Telegram yapigwe picha za skrini. Telegram humwezesha mtu mmoja kufuta mazungumzo kwenye simu zote mbili. Akishuku tu, utamkuta binti ameshika simu tupu na hana cha kumwonyesha askari. Picha hizo mzihifadhi kwenye kompyuta yako pamoja na zile barua pepe zenye namba za kadi na za oda, mkataba, na meseji ya M-Pesa ya 15,000.

Sasa, binti mwenyewe. Tafadhali usimwambie amekuwa mjinga. Hawa watu hawakumpata kwa ujinga wake, walimpata kwa uhitaji wake. Kazi ya nyumbani, ya heshima, isiyomtaka apande boti hadi Mokowe na basi hadi Mombasa, mama yuko karibu na mshahara unaingia: ni nani katika mtaa huo asingeitaka? Tena nchi hii imetuzoesha kutoa pesa kabla ya kupata kazi. Cheti cha mwenendo mwema ni shilingi 1,050. Kopi, picha za pasipoti, nauli ya usaili. Kuna na ile “chai” tunayoijua sote. Kwa hiyo kijana akiambiwa atoe kitu kidogo ndipo aanze, haoni ajabu. Mweleze tofauti kwa kuuliza pesa inaelekea wapi. Ya cheti cha mwenendo mwema inakwenda serikalini kupitia eCitizen, na cheti kinabaki mkononi mwako hata kazi ukiikosa. Mwajiri wa kweli anataka PIN yako ya KRA na akaunti yako ya benki kwa sababu anatarajia kukuwekea, si kukutoa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa huandika wazi katika matangazo yao ya kazi kwamba hayatozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na wameandika hivyo kwa sababu majina yao yametumiwa sana kuibia watu.

Ukimkatalia kwa hoja tupu atakwenda kwa binamu. Mpe jaribio alifanye mwenyewe, hapo saiba, wewe ukiwa pembeni umenyamaza. Amwandikie meneja: “Pesa sina kwa sasa. Naomba gharama ya laptopu ikatwe kwenye mshahara wangu wa kwanza.” Ombi la haki kabisa, na mwajiri wa kweli angelijibu kwa sentensi moja. Huyu ataanza na sifa, wewe ni hodari, tumekuchagua kati ya wengi. Kisha haraka, mfumo unafungwa leo. Kisha atashusha bei: kama hana dola 300, alete 100, alete hata 50. Hapo ndipo macho humfunguka mtu, kwa sababu laptopu haishuki bei hivyo. Baadaye huja vitisho, kwamba amevunja mkataba na atashtakiwa. Vitisho hivyo havina mguu. Aombe pia kuzungumza kwa video, uso kwa uso. Kamera itakuwa imeharibika.

Jina la kampuni unaweza kulitafuta wewe katika sajili ya makampuni ya serikali ya Canada, iko mtandaoni na ni bure. Lakini usitosheke ukilikuta. Wezi hupenda kuazima jina la kampuni iliyopo kweli, pamoja na nembo na jina la mkurugenzi wake. Ukilikuta, ingia tovuti ya kampuni hiyo kivyako, chukua anwani iliyoko huko na si ile iliyo kwenye mkataba, uwaandikie kuuliza kama wanamjua huyu meneja. Kwa kawaida hujibu haraka, maana jina lao ndilo linalochafuliwa.

Bado una silaha ambayo umeitaja mwishoni mwa barua yako kama kwamba ni jambo dogo: wale vijana wengine wawili. Waite. Kila mmoja aje na mkataba wake. Iweke mikataba mitatu mezani, ubavu kwa ubavu, na unyamaze. Naweka dau kwamba muhuri ni ule ule, makosa ya Kiingereza ni yale yale, na huenda watatu wote ni “msaidizi wa ununuzi” wa pekee kwa Kenya nzima. Maneno yako binti anaweza kuyaita husuda. Mkataba wa mwenzake hawezi.

Kuhusu mamake, mwambie. Amekuja kwako kwa mguu wake, amekuita shemeji, amekuuliza swali la wazi, nawe ukamjibu “nitaangalia”. Umeshaangalia. Bangili ni yake, si ya binti, na ana haki ya kujua inauzwa kwa ajili ya nini. Siri anayoiomba binti haimlindi binti, inamlinda meneja. Kumtenga mtu na wanaompenda ndiyo kazi ya kwanza ya tapeli. Lakini usimvizie. Mwambie binti kwanza: “Mamako ameniuliza, na leo baada ya Magharibi nitamjibu. Ningependa uwepo.” Nenda nyumbani kwao, si barazani mbele ya watu. Mama akianza kumlaumu kwa zile 6,500, mkumbushe kwamba aliyeziiba yuko Telegram. Na binamu wa Mombasa naye ana simu; mpigie leo, usimngojee apigiwe.

Nikiri kwamba pesa za kadi mbili za kwanza sitarajii zirudi. Jaribuni hata hivyo: waandikie waliokuuzia na kampuni ya kadi yenyewe, mwape namba ya oda na risiti, muulize kama namba zimeshatumika na kama kilichobaki kinaweza kuzuiwa. Mara chache sana hukutwa bado zipo. Benki yako itakuuliza kama wewe ndiye uliyelipa, nawe utasema ndiye, basi na habari yao itaishia hapo. Lakini waarifu, ili kesho kadi yako ikitiliwa shaka wawe wameshasikia kwako kwanza.

Kisha nendeni pamoja kituo cha polisi hapo Lamu, mwandikishe taarifa, mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na mtake iwafikie DCI, idara ya upelelezi. Kwa simu DCI wana laini isiyolipishwa, 0800 722 203. Jumbe na namba za simu zilizotumika pelekeni Safaricom kwa 333, bure. Mkiwa na wakili mnayemjua, muulizeni kabla ya kuandika maelezo, hasa juu ya zile 15,000. Ninyi kwenda kabla ya kuitwa ni jambo kubwa, usiliahirishe kwa kuona haya au kwa kuogopa kupotezewa siku. Na kwa kuwa bila shaka alituma picha ya kitambulisho kwa ajili ya mkataba, apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Akikuta asiyoijua aende kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo.

Atatokea na mwingine, kwa WhatsApp au Facebook, akisema anaweza kurudisha pesa zilizoibwa kwa ada kidogo. Huyo ni mwizi wa zamu ya pili. Majina ya waliokwisha kuibiwa huuzwa.

Shilingi 300 zako. Kama ni halali au haramu mimi si sheikh, na wewe uko Langoni, msikiti wa Riyadha uko mtaani kwako. Huko hamkosi wa kuwauliza. Mimi nitasema la biashara. Kwenye kaunta ya M-Pesa mtu akitaka kutoa pesa unamtaka kitambulisho, nawe huoni kama ni kumdhalilisha. Kwenye kadi za zawadi huna kitambulisho unachotaka, huna swali, na pesa inayopita ni nyingi kuliko anayotoa mzee wa kununua samaki. Hilo lirekebishe. Uza kadi kwa wavulana wa michezo kama zamani, kadi ndogo ndogo, lakini kila anayetaka muulize ni ya nani na ni nani aliyemwambia ainunue. Mchezaji atakujibu kwa jina la mchezo bila kufikiri. Aliyetumwa atababaika, au atatoa simu akusomee alichoandikiwa. Huyo wa pili usimuuzie hata akikuletea pesa taslimu, na mwambie sababu papo hapo. Wakati wa kumwokoa mtu ni kabla ya namba kutoka kwenye printa yako. Baada ya hapo hata mimi na wewe na DCI tukijumlishwa hatuna cha maana cha kufanya.

Bandika na karatasi karibu na bango la M-Pesa, kwa maandishi makubwa: “Hatununui kadi za kulipia kazi, mkopo, zawadi ya bahati nasibu wala mzigo wa forodhani. Umeambiwa ulipe kwa kadi? Keti kwanza tuzungumze.” Wenye saiba wenzako, hata wa Mkomani, wape nakala. Pesa unayoikosa ni 300.

Binti bado hana kazi, na tusipoligusa hilo atarudi Telegram wiki ijayo. Mpango wa serikali wa Ajira Digital hufundisha kazi za mtandaoni bila malipo. Msaidie kujiandikisha, kompyuta unazo. Afahamu pia kwamba majukwaa halali ya kazi hizo hukata asilimia kwenye malipo yako baada ya kufanya kazi, hayakuombi kadi za zawadi. Lakini mimi ningeanzia karibu zaidi. Ana diploma ya hoteli na amekaa mapokezi Shela. Nyumba nyingi za Shela wenyewe wako Ulaya nusu ya mwaka, na mgeni anayetaka nyumba ya Desemba huandika tangu sasa, akijibiwa baada ya siku mbili ameshakodi Diani. Kuna mtu anayehitaji kujibu barua hizo kwa Kiingereza kizuri, kupanga boti ya kumpokea mgeni Manda, kumtafutia mpishi. Hiyo ni kazi ya kufanyia nyumbani kwa simu, na mwajiri unaweza kumfuata kwa miguu ukamwona uso. Wewe unawajua mawakala wanaoshika nyumba zile, wanakuja kwako kuchapisha. Mtaje.

Anza na picha za skrini. Kisha mama, leo. Wale vijana wawili kesho asubuhi, kabla hawajapata wa kuwanunulia kwingine. Na Ijumaa meneja akimwandikia binti kwamba muda umekwisha, asimjibu. Hiyo nayo ipigwe picha, iingie kwenye faili la polisi pamoja na nyingine.

Mwalimu